Wengu wa Paluku

Jumatatu, 2 Oktoba 2000. Butembo.
Nimempapasa tena kabla ya kwenda kufundisha. Wengu umevimba, vidole vinne chini ya mbavu za kushoto. Wiki jana vilikuwa vitatu. Mdogo wangu Paluku amerudi kutoka Beni na malaria ya joto la kule. Dawa anameza. Mke wake anasema amelogwa. Nimemweleza: wengu ni chujio. Ndani yake mna seli zinazokula wavamizi. Tumezaliwa nazo, hakuna aliyezifundisha. Zinameza damu iliyoingiwa na vimelea. Kazi ikizidi, chujio linavimba. Si uchawi. Ni mwili unajitetea.

Jumatano, 4 Oktoba.
Askari wanadai mwanaume mmoja kila nyumba, abebe masanduku. Wanaita salongo. Salongo ni kufyeka majani barabarani, si kubeba risasi. Jina la Paluku limeandikwa. Mimi wamenikataa. Mzee.

Alhamisi, 5 Oktoba.
Nimempeleka kwenye kizuizi cha askari, Vulamba, kumwombea asamehewe. Nilimweleza mkubwa wao polepole, kama darasani. Nilipandisha shati la Paluku, nikaonyesha. Hapa. Wengu umejaa damu, ganda lake jembamba, pigo moja linaupasua. Alisikiliza kuliko wanafunzi wangu wote. Kisha akacheka. "Aksanti, mwalimu. Leo nimesoma biolojia ya bure." Akaturudisha nyumbani. Njiani Paluku akaniambia, kama mdogo kwa kaka mkubwa, "Yaya, unasemaka mingi." Niliudhika. Nilikuwa nimemwokoa.

Ijumaa, 6 Oktoba.
Mvua. Homa imeshuka. Vidole vitatu. Amekula ugali wote.

Jumamosi, 7 Oktoba.
Wamemfuata asubuhi. Masanduku mengi, wabebaji wametoroka. Paluku alisema hawezi. Mkubwa yule hakubishana naye. Kitako cha bunduki, mara moja, kushoto. Hakutafuta mahali. Alipajua.
Amekufa kabla ya kufika zahanati. Hakuna hata tone la damu nje. Yote ilimwagikia ndani.
Mimi ndiye niliyeonyesha.

Jumatatu, 9 Oktoba.
Tulimzika jana. Shemeji bado anasema ni uchawi. Sikumsahihisha. Nawachukia wale watu. Najichukia zaidi. Miaka thelathini nimeamini kwamba mtu akielewa, hupunguza kudhuru wenzake. Ujinga wangu huo.

Jumatatu, 16 Oktoba.
Nimerudi darasani. Somo: kinga tunayozaliwa nayo. Nimetaja ngozi, homa, seli zinazokula wavamizi, wengu. Msichana wa dawati la mbele ameuliza wengu uko upande gani.
Nimesema: ndani.
Ameandika hivyo. Nimefuta ubao.