Sura ya Kambo ku tisheti

Mama,

Michoro yangu kila muntu anaielewa, hata kipofu! Ndivyo nilijisifu jana.

Bukari iko mu nyungu. Umupelekee babu yetu, Kambo Symphorien, ikingali moto, miye hataki kuniona. Nina hasira, Mama! Asubui rafiki yangu Dédé alitundika ku mulango tisheti zenye sura ya Kambo, ile niliichora ku telefone. Nani alimutuma? Mama Chileshe, jirani yetu, akaona sura ya muzee ku tisheti, kama zile watu wanavaa ku matanga, akajua ni kilio. Akaingia na mukeka wake: "Symphorien, unatuachia nani?" Nilimwambia palepale Kambo iko muzima. Kambo mwenyewe akatokea na muswaki mu kinywa!

Sasa anasema nimemuzika, sura yake isiuzwe tena. Je, tisheti ni ya wafu peke yao? Nilimuchora akicheka! Umubembeleze, bila ile sura sina kitu ya kuuza.

~~Naacha hii kazi.~~ Siachi. Naenda kwa muchapishaji, aongeze chini: IKO MUZIMA.

Mutoto wako wa kwanza,
Guelor

Mama, ni miye Kiki, nimesoma. Yaya Guelor alimuuzia kwanza Mama Chileshe tisheti, huyo mama akiwa analia, ndipo akamwambia Kambo iko muzima. Kambo alikuwa ku dirisha, aliona yote.