Zile Bushi Ulizonitumia

Mogogosiek,
S.L.P. 212,
Kericho.
8 Juni 1975.

Mpendwa mdogo wangu Phelis,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi. Habari za Mombasa na joto lake? Mumeo Ogeto anaendeleaje na kazi yake ya kuuza vipuri, na ule mgongo uliokuwa ukimsumbua umepoa? Mtoto ameanza kutembea? Ukijibu niambie hata meno yake yamefika mangapi, kwa maana Mokeira wangu huniuliza kila siku, kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa.

Sisi miili ni mizima. Gesare alikohoa mvua zilipoanza, nikampa maji ya tangawizi, akapona. Mokeira ameshanipita urefu, na viatu vyangu sasa ni vyake. Namshukuru Mungu kwa hayo, maana mengine ya kushukuru nimeyatafuta wiki hii sikuyaona.

Kifurushi kilifika. Nilikichukua stesheni ya Fort Ternan siku niliyoteremka kuuza kabichi na kununua sukari guru. Bushi zote nne, zile pete za chuma zenye mpira ndani, zilikuwa nzima, na zilikuwa zenyewe hasa za pikapu ya Peugeot 404, si kama zile fundi mmoja wa mjini alizotaka kunitilia, za gari lingine kabisa. Mwambie Ogeto asante. Mwambie hilo kabla hujamsomea yanayofuata.

Unakumbuka gari lile lilivyokuwa. Tangu marehemu mume wangu Momanyi akiwa hai lilikuwa likigonga mbele, ko, ko, ko, kila likiingia shimo. Ile mikono ya chuma ya chini inayoshika magurudumu ya mbele ilikuwa inacheza, kwa sababu mpira ulio ndani ya bushi ulikuwa umekwisha, chuma kinapiga chuma. Tairi zikawa zinalika upande wa ndani. Ukikata usukani kushoto, gari linafikiria kwanza. Nikitoka Kericho, jirani yangu Cherotich alikuwa akinisikia nikiwa bado kwenye daraja, anaweka sufuria ya chai. Nikifika kona ya kiwanda cha majani ya chai anaita watoto wangu waje kunawa mikono, nikiingia langoni chai imeiva. Alikuwa akisema mume wake ana saa ya mkononi lakini yeye ana gari langu.

Na ni kugonga huko kulikofanya nibaki nalo. Hukuwepo siku wazee walipokaa Kisii baada ya matanga, kwa hiyo nikuambie ilivyokuwa. Gari nililinunua mimi, kwa kabichi na ndizi. Mshahara wa Momanyi wa kiwandani ulilisha nyumba, sisemi hapana, lakini gari lilitoka kwa mgongo wangu. Nikaliandikisha kwa jina lake, kwa maana sikutaka wenzake kazini wamcheke kwamba anabebwa na mke. Basi wazee walipokaa, Atuti, mdogo wake, akasema kaka yake hakuacha mtoto wa kiume, kwa hiyo vitu vyake vinarudi kwao. Akachukua ng'ombe, baiskeli, redio, na lile koti zito. Kisha akaingia ndani ya gari, akaliendesha mpaka barabarani na kurudi, likagonga mbele ya watu wote. Akashuka anacheka.

"Shemeji, baki na kengele yako," akasema. "Mimi sitaki watu wafikiri ni ibada kila nikipita."

Wazee wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na pombe. Mimi nikainamisha kichwa wasione kwamba nimefurahi.

Tangu siku hiyo ndilo limetulisha. Nilijifunza kuendesha kwa kuogopa, laisensi nikaipata jaribio la pili, na askari aliyenijaribu aliniuliza kama mume wangu anajua niko wapi. Nikamwambia anajua, yuko kaburini. Pikapu hubeba magunia kumi na manne. Punda wa kukodi hubeba mawili. Wewe ndiye uliyekuwa hodari wa hesabu shuleni, jipigie mwenyewe.

Lakini tairi zilikuwa zinakwisha haraka kuliko sabuni, na fundi wa mjini akaniambia, "Mama, hii gari peleka kwa watu wa vyuma. Ama uniachie, nitaiangalia nikipata nafasi." Nikajua nafasi yake itakuja wasichana wangu wameshalala njaa. Ndipo nikakuandikia unitafutie bushi, nikaamua kazi nitaifanya mwenyewe hapa uani.

Nilisimamisha pikapu mahali pa tambarare, nikayazuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, nikainua mbele kwa jeki. Chini nikapanga magogo ya mkaratusi, maana jeki siiamini. Cherotich akaja na mtoto mgongoni, akainama kuniangalia.

"Mama Gesare! Umeolewa na gari sasa? Mpaka unalala chini yake?"

"Huyu angalau hakoromi," nikamjibu. "Lete spana uache maneno."

Boliti zilikuwa zimeshikwa na kutu, nikazilowesha kwa mafuta ya taa zikakaa usiku kucha. Mikono ile ya chuma ilipotoka, bushi za zamani zikakataa kutoka. Nikawasha moto wa kuni nikauchoma ule mpira, ukatoa moshi mweusi mpaka wachuma chai wa ng'ambo wakasimama na vikapu vyao kuangalia nyumba ya nani inaungua. Pete ya chuma iliyobaki nikaikata kwa msumeno, polepole, nisije nikaujeruhi ule mkono wa chuma. Zile mpya nikazipaka maji ya sabuni, si grisi, kwa maana grisi inakula mpira. Kisha nikazivuta ndani kwa boliti ndefu, kipande cha bomba la maji na washa kubwa, ile pete bapa ya chuma, nati nikiikaza kidogo kidogo. Zikaingia, Phelis. Sijui kama umewahi kuona kitu kikiingia mahali pake sawasawa. Nilikaa chini nikacheka peke yangu.

Hapo hapo nikakosea. Nilikaza nati zote gari likiwa bado hewani, magurudumu yananing'inia. Nilipolishusha likasimama limeinua pua, na nilipochungulia nikaona mpira umejipinda ndani ya bushi. Ungekatika kabla ya Krismasi. Nati hizo hukazwa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, limebeba uzito wake. Nikalegeza zote, nikapandisha magurudumu juu ya mbao nene ili nipate nafasi ya kuingia chini, nikawaketisha Cherotich na wasichana mbele, mimi nikakaza huku wao wanaimba juu ya kichwa changu.

Nililiendesha mpaka ng'ambo ya daraja na kurudi. Lile shimo la darajani niliingia kwa makusudi. Kimya. Nikarudi nyuma nikaingia tena. Kimya. Siku ya soko iliyofuata Cherotich alitoka nyumbani kwake amekasirika kweli. "Umefika saa ngapi? Hata sufuria sijaosha!"

Ningekomea hapo, leo nisingekuwa nakuandikia hivi. Lakini unajua kwetu. Mjane akitengeneza kitu cha maana bila kukionyesha nyumbani kwa mume, watasema ameshahama moyoni, na maneno hayo yatawafuata wasichana mpaka siku ya kuolewa. Kwa hiyo nikaenda Kisii. Nilibeba sukari na majani ya chai, nikamketisha mama mkwe mbele, nikampeleka kanisani na kumrudisha. Mama yule aliweka kiganja juu ya dashibodi njia nzima kama mtu anayepapasa ng'ombe. Tulipofika langoni akasema kwa sauti, "Mwanangu, sasa linatembea kama limevaa soksi."

Atuti alikuwa amesimama pale pale. Akaomba ufunguo ajaribu gari. Ningesema nini, mbele ya mama yake? Akaenda nalo mpaka sokoni akarudi. Safari hii hakucheka.

"Asante shemeji," akasema. "Umenitunzia gari vizuri."

"Nimekutunzia lini? Wewe mwenyewe ulisema mbele ya wazee nibaki na kengele yangu."

"Kengele nilikuachia. Hii haina kengele."

Nilikwenda kwa wazee wale wale waliocheka. Wanakumbuka kicheko, maneno hawayakumbuki. Wakaniambia jina lililoandikwa ni la Momanyi, Momanyi hana mvulana, na Atuti ana wavulana watatu. Wakasema nisilie, kwa kuwa Atuti akija upande huu atanipakilia mizigo. Sikuwa ninalia. Mama mkwe alikuwa ameketi pale, akiutazama mkono wake, ule ule wa dashibodi. Nikarudi huku na gari, Atuti akisema atakuja kulichukua, nikaenda kwa chifu, naye akasema mambo ya Wakisii yarudi Kisii. Nimeuliza habari za wakili. Kesi ikiitwa, gari litakuwa limeshakwisha barabarani, nitashinda vyuma.

Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilitaka kurudisha zile bushi mbovu. Nilikuwa na siku za kutosha kabla hajaja, na mikono yangu sasa inaijua kazi. Nikaenda nyuma ya jikoni kuzitafuta, nikakuta vipande vya pete zilizokatwa na jivu. Nilizichoma mwenyewe, tena kwa furaha. Nikafikiria pia kulegeza nati na kuziacha hivyo. Nikaingia chini, nikaweka spana, kisha nikakumbuka kwamba atakayeketi mbele ni mama mkwe, na nyuma ni wale wavulana watatu ambao hawajanikosea. Nikazikaza tena.

Atuti alikuja jana asubuhi na kijana wa kumsaidia kusukuma, akidhani labda limekataa kuwaka. Liliwaka mara moja. Nikamwambia akimaliza safari ya kwanza azikaze nati za mbele tena, kwa maana mpira mpya hukaa kidogo kidogo mahali pake, nati zikalegea.

"Unanifundisha gari langu?" akaniuliza.

"Nakufundisha gari," nikasema.

Akaniuliza spana ziko wapi. Nikampa.

Kwa hiyo zile bushi za nyuma ulizosema Ogeto ameziona mahali, asizinunue. Leo tumekwenda kanisani kwa miguu. Kesho nitakwenda kumwona mwenye punda, na kabichi zilizo shambani ni magunia thelathini, zimeshaanza kupasuka kwa mvua. Safari kumi na tano za punda, na zitaoza katika safari ya sita au ya saba. Gesare ameniuliza kama tutanunua gari lingine. Nimemwambia amalize uji.

Nisalimie Ogeto sana, na umbusu mtoto kwa niaba ya shangazi—aa, nimeandika vibaya, mimi ni mama yake mkubwa, akili haijatulia. Ukimwona kaka Kebaso huko Changamwe mwambie tuko hai, mengine usimwambie, atakuja kupigana bure na kurudi hana kazi. Cherotich anawasalimia, na Mokeira na Gesare pia. Mungu awafunike huko mliko, awape afya na majirani wema.

Jana gari lilipotoka nilisimama langoni na Cherotich. Zamani ningemfuata mtu kwa masikio: sasa yuko kona ya kiwanda, sasa yuko darajani, sasa anapanda. Cherotich akaniuliza amefika wapi. Tukasikiliza sana, wote wawili. Hatukusikia kitu. Niliifanya kazi ile vizuri mno.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,

Nyambeki