Ubongo wa Mtoto Hausubiri Mavuno

“Kazi ya mtafiti ni kupima. Kutibu ni kazi ya wengine.”

Hayo aliniambia mkuu wa mradi wiki iliyopita, kwenye usaili tuliofanya kwa mtandao. Nafasi yenyewe ni ya utafiti wa baada ya uzamivu: jinsi watoto wachanga wanavyojifunza kuona, na jinsi ubongo unavyokua kwa kile macho yanachouletea. Nilimuuliza nifanye nini siku nikimkuta mtoto mwenye ukungu kwenye mboni. Akatabasamu, akanijibu hivyo. Nafasi wamenipa. Bado sijawaambia kama naichukua.

Leo Jumanne. Tukuyu mvua imeanza kabla hakujapambazuka na haijakata. Nimerudi kutoka Kisondela, kwa baba mdogo, na matope hadi magotini, na hasira ambayo chai haijaishusha.

Mkuu wa mradi anaamini hao “wengine” wapo, wamekaa tayari, na kwamba mtoto naye anaweza kuwangojea. Hawezi. Jicho hupokea mwanga tu; anayeona ni ubongo, na ubongo hujifunza kuona mapema, tangu miezi ya kwanza, kwa kuzoeshwa sura na mwanga. Ukikosa somo hilo, ile sehemu ya kuonea hushika kazi nyingine. Baadaye daktari atalisafisha jicho mpaka ling’ae, lakini nyuma yake hakuna aliyefundishwa kutazama.

Atupele ndiye huyo. (Majina nimebadilisha, wenyewe watajijua.) Ni binti wa mdogo wangu, yule mwana wa kiume wa baba mdogo. Ana miaka sita. Alizaliwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, akafanyiwa upasuaji mwaka jana. Leo nimemkuta jikoni anamenya ndizi kwa kupapasa. Mboni zake ni nyeusi, safi kabisa. Mlango anaujua kwa mwanga wake. Uso wa mama yake anaujua kwa mkono.

Nilikwenda kumuaga baba mdogo, endapo nitaondoka. Alikuwa barazani, amempakata mdogo wake Atupele, Lusajo, mwenye miezi miwili.

“Ndaga, mwanangu,” akanisalimu Kinyakyusa. Kisha, kabla sijaketi: “Huyu naye hanitazami.”

Hilo “naye” lilinichoma. Nikamuuliza ana maana gani. Akasema Atupele naye alimwona hivyo hivyo, kabla hajajua kukaa. Alimwambia mwanawe, mwanawe akacheka kwamba wazee hawaishi maneno.

“Mama yake hukumwambia?”

“Ningemwambiaje? Ni mkamwana wangu.”

Kwa msomaji asiye wa huku: kwetu Unyakyusa mke wa mwana hakutani na baba mkwe uso kwa uso, wala hasemi naye. Akimwona njiani anachepuka, anaingia shambani. Mtoto hupelekwa kwa babu na mtu mwingine. Nimeutetea mwiko huu mbele ya wengi waliouita ushamba, na nitaendelea kuutetea. Ni heshima. Lakini leo nimeuona ukila macho ya mtoto. Aliyeona alikuwa barazani, mwenye kumbeba mtoto alikuwa nyuma ya jiko, na katikati yao alisimama mwanamume mmoja, mdogo wangu huyo, anayeuza maparachichi Kiwira.

Nilimgeuza Lusajo kwenye mwanga. Mboni zote mbili zina ukungu.

Nikampigia simu huyo muuza maparachichi.

“Dada, si Atupele tulimpeleka? Amefaidika nini? Acha kwanza tumalize kuvuna.”

Nikakata simu. Amefaidika kidogo mno, ni kweli. Tulichelewa, na sasa kuchelewa kwetu ndiyo hoja ya kuchelewa tena.

Nikazunguka nyuma. Wifi alikuwa kwenye migomba, kanga kichwani.

“Mtoto ananyonya vizuri, wifi,” akaniwahi.

“Sijasema hanyonyi.”

“Basi tumngoje baba Atupele aseme.”

Hapo ndipo niliposikia kiti cha barazani kikilia. Baba mdogo alimwita Atupele kutoka jikoni, akamkabidhi mtoto, akaja mpaka kona ya nyumba, akatupa mgongo. Akausemesha ukuta, kwa sauti ya mtu anayeita ng’ombe.

“Mama Atupele. Mpeleke mtoto. Kesho.”

Wifi aliketi palepale kwenye matope, akajifunika uso wote. Nilidhani analia. Hakuwa analia. Akasema kutoka ndani ya kanga:

“Wifi, mwambie baba nimesikia.”

Mzee alikuwa amemsikia kama nilivyomsikia mimi. Nilikwenda nikamwambia, maana ndivyo inavyotakiwa.

Wakati naondoka Atupele alinishika sketi. “Shangazi, na mimi nakuja kesho?”

Nilimwambia gari litajaa.

Nina shahada tatu, na hilo ndilo jibu nililopata.

Sasa nasema na ninyi wa mradi, ambao najua mnaisoma blogu hii. Andikeni kwenye mkataba kwamba mtoto yeyote tutakayemkuta na ukungu machoni atafikishwa kwa daktari kwanza, na vipimo vyetu vitafuata. Mkiandika, nakuja. Mkishindwa, mtafuteni mwingine wa kupima giza la watoto wa watu.

Na wewe, baba Atupele. Najua utaisoma hii kabla hujalala, kama unavyosoma zote ili upate la kunibishia. Leo baba yako amesema na mkeo. Unajua imemgharimu nini kusema, na unajua imemgharimu nini mkeo kusikia. Asubuhi tutapita Kiwira tukienda hospitali Mbeya. Maparachichi yaache mtini. Tukukute umesimama barabarani.