Kidole Kimoja Kinachoteleza

Memphis, Jumapili

Mpwa wangu Lucinda,

Nimekuficha jambo kuhusu ile santuri yangu ya muziki wa bluzi, na daktari ananiambia nisingoje tena.

Unalalamika kwamba kile kionjo cha piano kilichomo humo kinakushinda. Acha vidole viwili. Gonga kibao cheusi, kisha kidole hichohicho kiteleze hadi cheupe cha jirani. Mwimbaji akitaka upige wimbo kwa sauti ya juu zaidi, huenda cheupe kikatangulia cheusi. Kidole hakitelezi kupanda mlima, basi hapo tumia viwili.

Najua mmenuniana na mama yako tangu alipokuambia bluzi haitakupa hata jina. Jana aliniletea supu ya bamia, nikamchokoza: "Dada, binti yako atanipita."

"Akupite wapi? Wewe ulikuwa umekaa tu. Kunywa supu, mzee."

Tulicheka mpaka nikapaliwa.

Mpigie simu, umuulize habari za kidole hicho. Baba yetu mchungaji, aliyeiita bluzi muziki wa shetani, angemfukuza nyumbani, kwa hiyo kwenye jalada tuliandika jina langu. Anayepiga piano katika santuri ile ni mama yako.

Mjomba wako,
Roscoe