Twende Kiwanja cha Bondeni

Kaka mpendwa,

Umeuliza ucheze gofu kwenye viwanja vipi ukija likizo hapa hotelini ninapowabebea wachezaji fimbo. Vipo vitatu. Cha mlimani kina sifa, lakini goti lako nalijua. Cha ufukweni kina upepo, mipira huondoka bila kuaga. Twende cha bondeni siku zote tatu. Njia zake nazijua hata nikifumba macho.

Na bora nikwambie ukweli. Jicho la kushoto halioni tena, na la kulia linaelekea hukohuko. Bosi hajui, na mama asijue. Kwa hiyo ukipiga, usiniulize mpira umeangukia wapi. Niambie taratibu, nami nitatangulia kama niliyeuona.

Mdogo wako,
anayekungoja getini