Mate ya Kokoo kwa Kitabu Changu

Naserian mpwa wangu,

Sopa! Huku Isinya ng'ombe wameshiba na anti yako anakusalimia. Unauliza kama utoe kitabu chako mwenyewe kwa mtandao, ama watu watacheka. Umeuliza bingwa.

Mimi, niliyeishia darasa la tano, nilichapa changu kwa saiba ya Noonkopir kwa kidole kimoja, mbio mpaka kompyuta ikatoa moshi. Kilikuwa cha vile nilimkemea simba akaomba msamaha. Mimi na mwenye saiba tukakituma kwa mtandao kichapishwe, nakala ya kwanza ikarudi kwa posta.

Nikampelekea kokoo wako, mama yangu, asiyejua kusoma. Simba sikumwogopa hivyo. Akakigeuza-geuza, akakitemea mate. "Kitu kibaya hiki!"

Akinyi mwenye saiba, aliyenisindikiza, akaruka. "Mama! Kitabu kipya?"

Mimi nilikuwa nalia kwa furaha. Hivyo ndivyo alivyobariki watoto wachanga: anawatemea mate, anawaita wabaya, jicho la watu lisiwapate. Hata wewe alikutemea.

Waliocheka walikuwepo, siwakumbuki. Nakumbuka mama tu, na nashukuru.

Kitoe, mwanangu. Nakala ya kwanza niletee. Kokoo hayupo tena, lakini mate niko nayo.

Mjomba wako, mshinda simba