Blanketi la Kwanza

Mjukuu na wajina wangu Muthoni,

Huku Runyenjes tunakula avokado hadi mbwa anazikataa. Umeuliza mbona maandishi yangu yanazidi kuwa madogo. Nilikuficha: nina Parkinson, ugonjwa huohuo unaouchunguza maabarani, wa protini inayojikunja vibaya na kuzipotosha zilizo jirani.

Daktari aliponieleza, nilicheka. Nikiwa msichana, katika bweni la shule, nilikunja blanketi langu ovyo. Jirani akaniiga, na kufikia Ijumaa bweni zima lilikuwa hivyo.

"Nani amewafundisha ujinga huu?" matroni akafoka.

Akachukua blanketi moja, akalikunja vizuri tukimtazama. Sote tukamfuata.

Sijui kama protini husikia kama wasichana, na sitakuwapo kuona. Wewe anza na moja.

Cucu wako